Mndimu wa Mama: Nilivyojifunza Kusoma Majani Kabla ya Kununua Mbolea

Februari 2023 nilipiga magoti mbele ya dirisha la sebule yangu, Dar es Salaam, nikatawanya majivu ya mkaa kwenye ndoo yenye mndimu alionipa mama. Nilitawanya taratibu kwa mikono miwili, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Wiki tatu baadaye mndimu ule ulikuwa umepukutisha zaidi ya nusu ya majani yake.

Kama una ua linaloingia njano dirishani na tayari umeshika pesa kwenda duka la pembejeo, ngoja kwanza. Nilitumia karibu miezi miwili na pesa nyingi kulisha mmea ambao haukuwa na njaa ya kile nilichokuwa naupa.

Mche ule niliupata Aprili 2021. Mama anaishi Muheza, kwenye machungwa, na wao kule hawapandi mbegu ovyo: ulikuwa mche uliobebeshwa juu ya shina la mlimau. Alinikabidhi stendi ukiwa ndani ya mfuko, udongo bado umelowa, akasema, "Ukikumbuka nyumbani, chuma jani moja, liponde, unuse." Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ndiyo maana ulipoanza kuugua sikuwa na utulivu wa kufikiri.

Ninaishi ghorofa ya tatu, sina hata futi moja ya uwanja. Niliuweka kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 niliyoitoboa chini, nikachanganya udongo mwekundu, mchanga, na samadi ya ng'ombe iliyokwisha kuoza. Dirisha lile linapata jua la asubuhi mpaka karibu saa tano. Mwaka mmoja na nusu ulikwenda vizuri sana, ukanipa ndimu saba. Nikanogewa, nikaongeza pilipili mbuzi mbili, mrehani, mshubiri, na lile ua la kutambaa lenye majani ya umbo la moyo.

Mwishoni mwa 2022 mvua za vuli zikasuasua, mto Ruvu ukapungua, jiji likaingia kwenye mgao wa maji. Jengo letu likaanza kujaza tangi kwa maji ya kisima. Tulishukuru kwa sababu bombani kulikuwa na maji. Ila sabuni ikawa haitoi povu, na birika likaota ukoko mweupe chini ambao ulihitaji ndimu au siki kuutoa. Nililalamikia mambo hayo kama mambo ya jikoni na ya kufua. Maua yangu nayo yalikuwa yanakunywa maji hayohayo kila siku ya pili, na wala sikuliwazia hilo.

Januari majani mapya ya mndimu yakaanza kutoka yamepauka. Nayakumbuka vizuri. Mishipa ya jani ilikuwa ya kijani kabisa, hata ile midogo, imejichora kama mito kwenye ramani, na katikati ya mishipa ni njano iliyofifia. Kwenye ncha za matawi majani yalikuwa karibu meupe, madogo, laini. Majani ya chini, ya zamani, yalikuwa ya kijani kibichi kama kawaida. Jibu lote lilikuwa pale. Mimi niliona neno moja tu: njano. Na njano kwangu ilimaanisha mbolea.

Nikaanza na urea, kwa sababu shambani kila mtu anajua urea inarudisha ukijani. Urea ina naitrojeni asilimia 46. Ni kali, na imekusudiwa shamba ambako mvua inaisambaza. Nilitia vijiko viwili vya chakula kwenye ndoo ya lita 20. Ndani ya siku nne ncha za majani ziliungua, zikawa kahawia kavu, na kuungua kukaanza kutambaa pembeni mwa jani. Chumvi ya mbolea ilikuwa inayavuta nje maji ya mizizi. Nami nilipoona majani yanakauka, nikadhani ni kiu. Nikaongeza kumwagilia.

Jirani yangu, mama mwenye roho nzuri ambaye bustani yake ya mchicha huko kwao ilikuwa ikistawi, akaniambia majivu ndiyo mbolea ya asili. Hakunidanganya. Majivu yana potasiamu na kalsiamu, na kwenye udongo wenye tindikali nyingi yanasaidia kweli. Nikatia majivu, na juu yake maganda ya mayai niliyoyatwanga. Kumbe vyote viwili vinapunguza tindikali ya udongo, na maji yangu ya kisima tayari yalikuwa yanafanya kazi hiyo kila siku ya pili. Ule ulikuwa msumari wa moto juu ya kidonda.

Baada ya hapo nikanunua busta, ile mbolea ya maji ya kupulizia majani. Muuzaji aliniuliza ni zao gani, nikasema mndimu, akanipa chupa yenye orodha ndefu ya virutubisho. Hakuna aliyeuliza ni majani yapi yaliyoumwa, na mimi sikujua kwamba hilo ndilo swali. Nilipulizia, majani yakapata madoa ya kijani pale matone yalipotua, basi. Wiki iliyofuata majani mapya yalitoka meupe vilevile. Madoa yale ya kijani nayo yalikuwa ushahidi ambao sikuusoma: jani likipewa dawa moja kwa moja linaitikia, kwa hiyo tatizo liko njiani, kati ya udongo na jani.

Kufikia mwanzoni mwa Machi nilikuwa nimetumia kama shilingi 95,000 kwa urea, chupa mbili za busta, mfuko wa samadi mpya na nauli. Mrehani ulikuwa umekufa. Mndimu ulikuwa vijiti vyenye majani machache. Kuna usiku nilitaka kumpigia mama kumweleza, nikaishia kumsalimia na kumuuliza habari za mvua.

Aliyenisaidia ni rafiki wa mdogo wangu, binti aliyesoma kilimo SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Nilimtumia picha sita na maelezo marefu. Akanipigia, akaniuliza kitu kimoja.

"Dada, yalianza majani ya juu au ya chini?"

Nikatazama. Ya juu.

Akanieleza jambo ambalo tangu siku hiyo ndilo ninaloanza nalo kila mara. Kuna virutubisho ambavyo mmea unaweza kuvihamisha. Ukipungukiwa, unavitoa kwenye majani ya zamani na kuyapa machanga, mkubwa anafunga ili mdogo ale. Naitrojeni iko kundi hilo, na fosforasi, potasiamu na magnesiamu. Upungufu wake unaonekana kwanza chini, kwenye majani makongwe. Vingine vikishakaa kwenye jani havitoki tena: chuma, kalsiamu, boroni. Hivyo vikikosekana, majani ya zamani yanabaki yameshiba na machanga ndiyo yanayoumia. Jani changa lenye njano na mishipa ya kijani, kwenye jamii ya michungwa hasa, mshukiwa wa kwanza ni chuma.

"Basi ninunue chuma," nikasema.

"Udongo uliotumia ni wa rangi gani?"

"Mwekundu."

"Ule wekundu ndio chuma chenyewe, dada."

Nilinyamaza. Mndimu wangu ulikuwa umesimama ndani ya ndoo iliyojaa chuma, na ulikuwa unakufa kwa kukosa chuma. Aliendelea kunieleza kwamba udongo ukikosa tindikali ya kutosha, yaani pH (kipimo cha tindikali, ambacho namba yake hupanda tindikali ikipungua) ikapanda juu ya 7, chuma kinagandamana na mizizi haiwezi kukinyonya. Jamii ya ndimu inapenda pH ya karibu 6 mpaka 6.5. Akanituma nipime udongo na maji, kisha nitazame mizizi. "Usitie kitu chochote mpaka umalize hayo."

Vipimo vya karatasi vya pH nilivipata kwenye duka la vifaa vya maabara kwa 12,000. Nilichukua udongo vijiko vitatu kutoka kina cha kidole, nikauchanganya na maji yanayodondoka kwenye bomba la kiyoyozi (AC), kwa sababu hayo ni mvuke wa hewa uliogeuka maji, hayana chumvi za ardhini za kuharibu kipimo. Nikakoroga, nikasubiri nusu saa, nikachovya karatasi pale juu palipotulia. Ilisimama kwenye 8. Maji ya bombani nayo yakasoma karibu hapohapo. Nikadondosha siki kidogo kwenye ukoko mweupe uliokuwa ukingoni mwa ndoo, ukafanya povu dogo. Ulikuwa ukoko uleule wa kwenye birika. Nilikaa chini pale sakafuni kwa muda.

Mizizi ilinifundisha lingine. Nilitandika gunia, nikailaza ndoo, nikautoa mmea mzimamzima. Juu mizizi ilikuwa na rangi ya krimu, migumu, mizima. Chini, ambako maji yalikuwa yakituama kwa sababu ya matundu machache, kulikuwa na harufu ya mtaro. Nilishika mzizi mmoja kwa vidole viwili nikauvuta kidogo, ganda lake likateleza lote kama soksi, ukabaki uzi mwembamba wa ndani. Huo ndio mzizi uliooza. Hakuna mbolea duniani inayoweza kupita kwenye mzizi wa namna hiyo, na mmea wenye mizizi hiyo utaonyesha njano ya kila aina, utadhani una upungufu wa virutubisho vyote kwa pamoja. Kwa hiyo, kama una ua la njano na udongo wake hauishi unyevu, anza na mizizi. Usipoteze muda na majani.

Nilikata mizizi mibovu kwa mkasi niliousafisha kwa spiriti. Nikaondoa tabaka lote la juu lenye majivu na maganda ya mayai, kama sentimita tano. Masika yalikuwa yameanza, nami nilikuwa nimekinga mapipa mawili ya mvua pale chini. Mlinzi wetu, kijana wa heshima sana, alinisaidia kuishusha ndoo. Tukausuuza udongo kwa lita 60 hivi za maji ya mvua, kwa awamu tatu, kila awamu tukisubiri ndoo ichuruzike. Maji ya kwanza yalitoka ya kahawia na mazito. Ya mwisho yalikuwa karibu meupe. Kanuni niliyopewa ni kusuuza kwa maji yanayofika mara tatu ya ujazo wa chombo. Na kisahani cha chini lazima kimwagwe, la sivyo chumvi zinapanda tena. Nikatoboa matundu mengine sita, nikajazia nafasi iliyobaki kwa kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) iliyooshwa na mchanga wa mto.

Kisha ndiyo ukaja wakati wa chuma, na hapa aina ni jambo kubwa. Chuma cha kawaida ukikitia kwenye udongo wenye pH ya 8 kinafungwa kama kile kilichokuwemo. Kinachohitajika ni chuma cheleti, yaani kilichoshikiliwa na kemikali inayokilinda. Nacho kina daraja. Kile kilichoandikwa EDTA kinafaa kwa kupulizia, au kwa udongo ambao pH yake iko chini ya 6.5 hivi. Kilichoandikwa EDDHA kinavumilia hata udongo kama wangu. Nilizunguka maduka manne kukipata, pakiti ndogo kwa 28,000. Ukikikoroga, maji yanakuwa mekundu mazito kama juisi ya rozela, na kinaacha doa kwenye vigae lisilotoka kirahisi. Soma kipimo kwenye pakiti na usikizidishe. Nilikimimina jioni kwenye udongo uliolowa, nikafunika kwa majani makavu, maana mwanga unakiharibu.

Bado kulikuwa na pH yenyewe ya kushushwa. Nikampigia baba mdogo, mkulima wa korosho Newala. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamuuliza kama ana salfa. Wakulima wa korosho wanapulizia salfa ya unga kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, kwenye maua ya mikorosho. Akacheka kwa furaha. "Mwanangu, sisi huku wataalamu walishatueleza kwamba hiyo inayoanguka chini miaka mingi inachachusha udongo. Wewe unaitaka kwa ajili hiyo?" Alinitumia nusu kilo kwa basi. Nilitia nusu kijiko cha chai kwenye ndoo nzima, nikachanganya na udongo wa juu, nikarudia baada ya miezi miwili. Si kitu cha haraka. Vijidudu vya udongo ndivyo vinavyoigeuza kuwa tindikali, na vinachukua wiki kadhaa. Vaa barakoa na linda macho, unga ule unawasha vibaya.

Baada ya hapo nilitakiwa nisifanye kitu. Hiyo ndiyo sehemu iliyonishinda zaidi kuliko zote. Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, jani moja likaanguka, nikashika chupa ya busta, nikairudisha. Ya tatu nikaona kwenye kikonyo cha tawi la pembeni nukta ya kijani, ndogo kuliko punje ya ulezi. Siku ya 38 chipukizi lile lilikuwa na majani matatu ya kijani kamili, pande zote, mishipa huioni mpaka uliinue jani kwenye mwanga. Nililia. Nikaponda jani moja la chini, nikanusa, kisha nikampigia mama nikamweleza yote tangu mwanzo.

Majani yale meupe hayakurudi sawasawa. Mengine yalipata ukijani kidogo, mengine yalianguka. Niliwahi kudhani matibabu yameshindwa kwa sababu nilikuwa nayatazama yenyewe. Ukitaka kujua kama umepatia, tazama jani litakalozaliwa baada ya dawa.

Pilipili zangu zilikuwa na ugonjwa tofauti kabisa, na laiti ningezipa dawa ya mndimu ningeziua. Zenyewe zilianza chini: majani makongwe yalipauka jani zima, pamoja na mishipa, yakaanguka, na mmea ukadumaa. Hiyo ni naitrojeni. Sababu ilikuwa maganda ya mpunga mabichi niliyochanganya kwa wingi ili udongo uwe mwepesi. Yanapooza, vijidudu vinavyoyaozesha vinakula naitrojeni ya udongo kabla mmea haujaionja. Nilizipa NPK (mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu) iliyoyeyushwa, robo tu ya kipimo cha pakiti, kila wiki kwa wiki sita, na safari hii mbolea ilikuwa jibu kweli.

Tangu hapo nikawa namwagilia mndimu kwa maji ya AC. Ndoo chini ya bomba inajaa kwa siku mbili msimu wa joto, bure. Niliona nimemaliza kazi. Kosa jipya lilinipata katikati ya 2024. Majani ya zamani yakaanza njano pembeni, yakiacha kabari ya kijani kwenye kitako cha jani, mfano wa herufi V iliyopinduliwa, ncha yake ikielekea mbele. Safari hii sikununua kitu. Nilijiuliza: ya zamani au machanga? Ya zamani. Jani zima au pembeni? Pembeni, na kabari katikati. Kwenye jamii ya ndimu hiyo ni alama ya magnesiamu. Na sababu ilikuwa ndani ya ndoo yangu ya AC: yale maji karibu hayana madini kabisa. Kisima kilikuwa kinaleta chumvi nyingi mno, ila ndani yake mlikuwamo magnesiamu pia. Nami nilikuwa nimeufunga mlango huo kabisa bila kufungua mwingine.

Chumvi ya Epsom, ambayo ni magnesiamu salfeti, nilinunua kwa 6,000. Kijiko kimoja cha chai kwenye lita nne za maji, mara moja kwa mwezi. Maji sasa nachanganya, ndoo tatu za AC kwa moja ya bombani, na napima pH ya udongo kila baada ya miezi mitatu. Nimebandika karatasi nyuma ya mlango wa jikoni, naandika tarehe, nilichotia na kiasi gani. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha wiki nne bila kingine. Kama ningekuwa na karatasi ile Januari 2023, ningeona wazi kwamba njano ilianza wiki chache baada ya maji kubadilika.

Ukihesabu kila kitu, matibabu yaliyofaa yalinigharimu kama 55,000 pamoja na kokopiti na nauli ya kifurushi cha salfa. Karibu mara mbili ya hiyo ilikuwa imeshakwenda kwenye kuuharibu.

Mama alikuja Desemba iliyopita. Hakukaa hata kwenye kochi, alikwenda moja kwa moja dirishani na mkoba bado begani. Akaishika ndoo, akaigeuza taratibu ili aone upande wa nyuma, akainua tawi la chini, akapapasa udongo kwa kidole. Akachuma jani moja, akaliponda, akanusa. Kisha akauliza kama nina samaki ndani, kwa sababu pale juu, karibu na kioo, zilikuwepo ndimu nne zimekomaa.